Foklifti ya gesi inazima kila baada ya dakika ishirini na mtungi bado mzito: uzi mrefu, wenye haraka mpite

Fundi_wa_Gungu (#1)

Wakuu habari za jioni. Nipo Kigoma mjini, kazi yangu ni mitambo, nilianza na jenereta na mashine za kusaga nikaja kuangukia kwenye foklifti, zile mashine za kunyanyua mizigo, kwa sababu hapa mjini mafundi wake wa kuhesabu. Leo nataka nieleze kitu kimoja ambacho kilinipotezea siku nne na kumpotezea tajiri mmoja hela, na nikigoogle kwa Kiswahili sikioni popote.

Kuna godauni moja njia ya kushuka bandarini, wanashusha saruji na unga wa kuvuka ziwa kwenda Congo na Burundi. Miaka yote kazi ni ya makuli, mfuko wa kilo 50 begani, na wala si ajabu, reli imefika hapa 1914 na mpaka leo mzigo mwingi wa mji huu unapita kwenye bega la mtu. Sasa tajiri akaagiza foklifti yuzidi kutoka Japani, tani mbili na nusu, ikaja inang'aa kabisa ila nyuma pale juu ya chuma kizito ambapo mtungi unalala hapakuwa na kitu, mikanda ya kufungia tu na mpira wa gesi unaning'inia. Ni ya gesi. Operata akasema gesi si hii hii ya kupikia? Wakatafuta mtu wa kuchonga nati, wakafunga mtungi wa jikoni wa kilo 15, wakausimamisha wima na kamba za manila. Ikawaka starti ya kwanza! Watu wakashangilia, makuli wakanuna.

Dakika ishirini baadaye ikaanza kukohoa, ukiinua paleti (lile jukwaa la mbao la kupangia mifuko) inalegea, ukiishusha inapata nafuu, mwisho ikazima. Wakaiacha ikapumzika nusu saa, ikawaka tena. Wakaendelea hivyo wiki nzima. Walibadilisha plagi, wakasafisha filta, wakamlaumu Mjapani. Ndo nikaitwa.

Mimi nilivyofika sikuangalia hata injini, macho yalienda kwenye mtungi. Ilikuwa saa saba mchana, jua la Kigoma mnalijua, mtu unatembea shati limegandana na mgongo, halafu ule mtungi chini umevaa ganda jeupe la barafu. Juu mkavu, katikati una jasho, chini barafu, na mstari umenyooka kama umepigwa na rula. Mtoto mmoja wa pale alikuwa anakwangua na kucha anajipaka shavuni.

Sasa ngoja nieleze, maana hapo ndo siri yote ilipo. Ndani ya mtungi gesi haikai kama hewa, inakaa kama maji kwa sababu imebanwa. Juu ya yale maji kuna mvuke. Mtungi wa jikoni umetengenezwa utoe ule mvuke wa juu, ukiwasha jiko mvuke unatoka, maji yanachemka kidogo kufidia. Yanachemka bila moto, kwa sababu propani inachemka kwenye nyuzi 42 chini ya sifuri, kwake yeye kivuli cha Kigoma ni jiko tayari. Ila kuchemka kunataka joto, na joto linatoka kwenye maji yenyewe, chuma cha mtungi na hewa ya nje. Jiko la plate mbili linavuta kidogo kidogo, mtungi unawahi kurudisha joto lake. Injini ya foklifti ikiwa kazini inaweza kula kilo mbili na zaidi kwa saa, mtungi hauwezi kuchemsha kwa kasi hiyo, unapoa, ukipoa presha inashuka, presha ikishuka injini inakosa chakula. Ukiuacha nusu saa unapata joto la hewa, unajifanya mzima.

Na kuna jambo la pili ambalo hata mimi lilinichukua muda kulielewa. Gesi yetu ya kupikia ni mchanganyiko wa propani na butani. Ukivuta mvuke, propani ndo inatangulia kutoka kwa wingi kwa sababu ni nyepesi kuchemka, butani inabaki nyuma. Kwa nyuzi 25 propani peke yake inasukuma karibu bar 9, butani bar 2 na ushee. Kwa hiyo mtungi ukifika nusu kilichobaki ndani si kile ulichonunua, kimechoka. Ndo maana operata alikuwa anasema mtungi mpya unapiga kazi dakika arobaini, ukifika nusu dakika kumi tu. Alikuwa sahihi kabisa na walimwona mwongo.

Mtungi wa foklifti ni mnyama mwingine. Umelazwa, na ndani una mrija uliopinda kwenda chini, unanyonya yale MAJI, sio mvuke. Maji yanapita kwenye mpira, yanafika kwenye filta na koki ambayo haifunguki mpaka injini ivute au umeme wa swichi uwepo, halafu yanaingia kwenye kidude cha chuma pembeni ya injini, kitabuni ni vepolaiza, sisi tunakiita regyuleta kubwa. Humo ndani maji ya moto ya rejeta yanazunguka upande mmoja, gesi upande wa pili. Kuchemka kote kunafanyika hapo, joto linatoka kwenye injini ambayo joto inalo la kumwaga. Mtungi wenyewe hauchemshi kitu, haupoi, na mchanganyiko unatoka vile vile mwanzo mpaka mwisho.

Kutoka hapo gesi imeshakuwa mvuke, presha imeshushwa mpaka ndogo mno, inaenda kwenye mikisa, kidude cha kuchanganya gesi na hewa, iliyo mahali pa kabureta. Kuna ngozi ya mpira, diaframu, injini ikivuta hewa ngozi inanyanyuka na kufungua njia ya gesi kulingana na hewa inayoingia. Injini isipovuta hakuna kinachotoka. Baada ya hapo ni injini ya petroli unayoijua, plagi, koili, pistoni, hakuna maajabu.

Tuliagiza mitungi miwili ya foklifti kutoka Dar, ikaja na lori. Tangu siku hiyo inapiga shifti nzima.

---

Kipara_Ngoto (#2)

Uzi bila picha ni sawa na ugali bila dagaa

---

Mzee_wa_Katubuka (#3)

Mkuu umetisha, nimesoma mpaka mwisho. Swali la kijinga, kwa hiyo ni gesi ndo inasukuma ule mzigo juu? Maana nimeona zile pampu ndefu mbele nikajua ndo mitungi ya gesi.

---

Fundi_wa_Gungu (#4)

Mzee wangu shikamoo, si la kijinga, hata tajiri mwenyewe aliniuliza. Hapana, zile ni za haidroliki, ndani ni oili. Injini kazi yake ni kuzungusha pampu ya oili na kusukuma magurudumu, basi. Ungeweka dizeli au mota ya umeme mlingoti ungenyanyuka vile vile. Gesi ni chakula cha injini. Na ule mtungi wa nyuma sio uzito wa kubalansi, uzito ni lile bonge la chuma cha kumimina lililo chini yake, mtungi ukiutoa foklifti haibinuki.

Ila injini ikikosa gesi katikati ya kunyanyua ndo unaona paleti inasita. Paleti yao ni mifuko 40, yaani tani mbili kamili, hapo injini inavuta haswa na ndo udhaifu wa mtungi unaonekana. Ikiwa imesimama tu inaunguruma vizuri inakudanganya.

---

Mama_Migebuka (#5)

Samahanini wakaka naomba kuuliza. Shemeji yangu anafanya kazi kwenye kampuni wana hizo mashine, Jumamosi kamletea dada mtungi wa hivyo nyumbani, anasema ni gesi ya bure umebaki nusu, atatafuta nati ya kuunganisha na jiko. Kwa maelezo yako naona kama kuna tatizo au nimeelewa vibaya?

---

Fundi_wa_Gungu (#6)

DADA USIKU HUU HUU piga simu. Asiunganishe!

Umeelewa vizuri sana. Ule mtungi unatoa maji. Hata akiusimamisha wima au akiulaza, ule mrija umetengenezwa kutafuta maji. Jiko limetengenezwa kupokea mvuke. Lita moja ya hayo maji ikifunguka inakuwa mvuke wa lita karibu 250 mpaka 270. Regyuleta ya jikoni ikipokea maji haiwezi kuyabana, mara moto unapanda mpaka kwenye kenchi, na ukikimbilia kufunga koki mkono unakutana na kitu cha baridi kinachounguza kama moto. Mimi fundi mwenzangu kidole chake cha shahada kilipauka kikatoka lengelenge kwa tone tu wakati anafungua mpira bila glavu.

Na kinyume chake pia kipo, kuna watu wanaona mtungi wa jikoni unaganda wanapata akili ya kuulaza chini au kuugeuza kichwa chini ili utoe maji. Unafanya kazi, sikatai. Ila valvu ya usalama ya mtungi inatakiwa iwe kwenye mvuke, ukiugeuza inakuwa ndani ya maji, siku ukipata joto na kufunguka inatema maji badala ya mvuke, kwenye godauni lenye watu ishirini. Tajiri wetu alishapendekezewa hiyo na mtu, nikamwambia mimi natoka getini kwanza ndo muwashe.

---

Mama_Migebuka (#7)

Nimempigia. Dada anasema ulikuwa umeshaingizwa jikoni umefunikwa kitenge ili watoto wasichezee. Wameutoa uwani. Mungu akubariki kaka.

---

Kijana_wa_Ng'ambo (#8)

Unyamwezini hapa, Tabora. Sisi tuko godauni la tumbaku, tuna foklifti mbili za gesi na mitungi yetu ni halali kabisa ile ya kulala. Lakini moja inaganda! Sio mtungi, ni kile kidude ulichosema cha pembeni ya injini. Asubuhi tukiwasha inapiga vizuri robo saa, halafu kile kidude kinakuwa cheupeee, injini inazima. Mchana ikizidi joto inakaa muda mrefu zaidi. Mwezi huu wa saba asubuhi Tabora baridi usiseme. Fundi wetu anasema gesi ina maji, tubadilishe msambazaji.

---

Dizeli_Daima (#9)

Mnajitesa tu wakubwa. Kigoma na Tabora mtu unanunua foklifti ya gesi ya nini? Dizeli ipo kila kona, fundi wa dizeli yupo kila kona, hata ikiharibika saa nane usiku unapata mtu wa kubliidi, yaani kutoa hewa kwenye njia ya mafuta. Gesi mpaka lori litoke Dar. Meli ya Liemba yenyewe hapo ziwani ilianza na mvuke, miaka ya 1970 ikatiwa dizeli na ndo ikaendelea kuishi.

---

Fundi_wa_Gungu (#10)

Dizeli_Daima sikubishii sana, kama kazi yako ni ya nje, udongo, mawe, magogo, chukua dizeli ulale usingizi. Hata habari ya mitungi ni kweli, sisi tuna miwili, ukiisha mmoja unaenda kujazwa na wa pili uko kazini, ukichelewa siku mbili foklifti inakuwa kiti cha mlinzi.

Lakini ingia na dizeli ndani ya godauni la unga saa tatu mfululizo uone. Masizi yanakaa juu ya mifuko, unga wa mteja unanuka moshi. Tumbaku ndo kabisa, inanyonya harufu kama sponji. Hapo gesi ina sababu yake, inaungua safi, ekzosi haina masizi, oili ya injini inakaa na rangi yake muda mrefu. Na wala haibiwi kwa mrija na kidumu kama dizeli, hiyo tajiri aliipenda kuliko zote.

Kijana wa Tabora, swali kabla sijajibu. Fundi wenu alitoa themostati?

---

Kijana_wa_Ng'ambo (#11)

Ngoja nimuulize kesho. Kwani inahusianaje?

---

Operata_Mstaafu (#12)

Wakati tunasubiri niongeze kitu ambacho mtoa mada amekiruka. Nimeendesha hizi mashine Dar kabla sijarudi nyumbani Kasulu. Mtungi wa kulala una tundu kwenye kola yake (ule ukingo wa chuma unaozunguka koki), na kwenye kitanda cha foklifti kuna pini. Lile tundu lazima likae kwenye pini. Vijana wanaona halikai wanauzungusha tu mtungi wanakaza mkanda, safari. Sasa ukiuzungusha, ule mrija ambao ulitakiwa uangalie chini unaangalia pembeni au juu. Mtungi ukijaa hamuoni kitu, ukifika nusu mrija unatoka kwenye maji unaanza kunyonya mvuke, mnarudi kule kule kwenye habari ya mtungi wa jikoni. Mnautoa mnausikia mzito, mnasema tumeibiwa, mtungi una maji ya bomba. Kumbe mmeulaza vibaya. Na valvu ya usalama nayo imehama imeingia kwenye maji.

Jingine, kubadilisha mtungi. Funga koki ya mtungi injini ikiwa inaunguruma, iache imalize ile gesi iliyobaki kwenye mpira mpaka izime yenyewe, ndo uzime swichi na kufungua nati. Vaa glavu. Angalia ile oringi, kipete cheusi kidogo cha mpira, kama ipo na haijapasuka. Ukishafunga mpya paka povu la sabuni kwenye maungio, likitoa mapovu ujue inavuja. Sio kiberiti jamani, nimeshaona mtu anapima na kiberiti kwa macho yangu haya.

---

Fundi_wa_Gungu (#13)

Mzee asante, ile ya pini ni kweli nimeiruka na ni muhimu.

Niongezee hapo kwenye kuvuja. Gesi hii ni nzito kuliko hewa, haiendi juu, inatambaa chini kama maji na kukaa kwenye mashimo. Kwa hiyo usiiegeshe usiku karibu na mtaro au shimo la fundi, na koki ya mtungi ifungwe jioni. Ile harufu ya yai bovu imewekwa makusudi, gesi yenyewe haina harufu.

Na ukienda kujaza usimwambie mjazaji "jaza mpaka mwisho". Mwisho wake ni asilimia 80, nafasi iliyobaki ni ya maji kutanuka yakipata joto. Wale wanaohamisha gesi vichochoroni mtungi kwa mtungi hawana namna ya kujua wamefika ngapi. Usiwapelekee.

---

Kipara_Ngoto (#14)

Naomba kuuliza kitu serious sasa. Umesema inaungua safi. Mbona mwaka jana nilifanya kibarua cha mwezi kwenye godauni moja hapa, milango miwili mmoja umefungwa kwa ajili ya wizi, foklifti ya gesi inazunguka humo kutwa, na kila saa tisa kichwa kinaniuma kama nimepigwa rungu? Nikitoka nje kununua miwa kinapona. Wenzangu waliniambia ni njaa.

---

Fundi_wa_Gungu (#15)

Kipara hiyo haikuwa njaa. Haina masizi haimaanishi haina sumu. Injini yoyote inayochoma kitu inatoa kaboni monoksaidi, ambayo huioni wala huinusi, na ya gesi ikiwa haijatuniwa, inakula gesi nyingi kuliko hewa, inatoa nyingi sana. Ndo ile ile inayoua watu waliolala na jiko la mkaa chumbani. Moshi wa dizeli unakuchoma macho unakimbia, huu unakaa nao kwa raha mpaka unaanguka. Pale kwetu tajiri aliweka matundu juu ya ukuta na mlango wa pili unafunguliwa foklifti ikiwa kazini, mlinzi amehamishiwa hapo na kiti chake. Alilalamika wizi, nikamwambia mfuko mmoja wa saruji na kuli mmoja kipi rahisi kulipia.

Kichwa kikimuuma mtu mmoja inawezekana ni malaria. Kikiwauma watatu kwa pamoja kila mchana, zimeni mashine mtoke nje.

---

Kipara_Ngoto (#16)

Tulikuwa wanne.

---

Kijana_wa_Ng'ambo (#17)

Nimerudi wakuu. Nimemuuliza fundi, ni kweli, themostati aliitoa tangu mwaka juzi, anasema huku kwetu joto haina kazi, inachemsha tu injini. Umejuaje?

---

Fundi_wa_Gungu (#18)

Kwa sababu mafundi wote tunaitoa! Mimi mwenyewe nimetoa nyingi kwenye gari za watu. Kwenye gari la dizeli la kwenda Urambo na kurudi hutaona ubaya haraka. Lakini kwenye foklifti ya gesi yale maji ya moto ndo jiko la kuchemshia gesi. Themostati inazuia maji yasiende rejeta mpaka injini ipate joto. Umeitoa, maji yanakimbilia rejeta tangu dakika ya kwanza, asubuhi ya baridi injini inakaa vuguvugu, ile vepolaiza inapokea gesi inayochemka kwa kupora joto, joto halitoshi, inaganda. Ikiganda gesi inapita bado maji, injini inalewa inazima. Mchana hewa ni ya joto inasaidia kidogo, ndo maana inakaa muda mrefu zaidi. Msambazaji wenu hana kosa.

Kabla hujanunua kitu fanya hivi. Iwashe dakika kumi, shika ile mipira miwili ya maji inayoingia na kutoka kwenye vepolaiza. Yote ikiwa ya moto, tatizo liko kwingine. Yote vuguvugu, ni themostati. Mmoja wa moto mmoja wa baridi, maji hayapiti, kuna kutu imeziba au hewa imenasa kwa sababu maji ya rejeta yamepungua. Angalia na rejeta kwanza, usije ukanunua themostati kumbe hakuna maji.

---

Dizeli_Daima (#19)

Dizeli haina hayo yote

---

Kijana_wa_Ng'ambo (#20)

Siku ya tano leo. Mipira yote ilikuwa vuguvugu, na rejeta ilikuwa imepungua kama lita mbili hivi, fundi alikuwa anaongeza maji ya kisima. Tumepata themostati ya gari dogo inayoingia pale pale, tumeweka kulanti, tumetoa hewa. Leo asubuhi imewashwa saa moja kamili, mimi nimekaa pembeni na chai yangu naangalia kile kidude. Kimetoka jasho kidogo, jasho likakauka, basi. Mpaka saa sita ilikuwa haijazima.

Fundi amekasirika hataki kuongea na mimi. Nitamnunulia soda.

---

Fundi_wa_Gungu (#21)

Mnunulie. Na umwambie ile foklifti ya pili nayo aikague, kama alitoa moja alitoa zote mbili.

---

Kijana_wa_Ng'ambo (#22)

Ametoa zote mbili.